Matata Ponyo: kutoka Banki Kuu mpaka Korti ya Katiba

Augustin Matata Ponyo Mapon ni mutoto wa Kindu. Ni mutu wa banki aliyekuwa waziri wa fedha, kisha waziri mkuu wa Kongo, kisha senatere wa Maniema, kisha depite wa muji wetu. Tarehe 20 mwezi wa tano 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu miaka kumi ya kazi za nguvu. Toka siku ile, jina lake likitajwa Mikelenge, Kasuku ao ng'ambo kule Alunguli, watu wanagawanyika mbele maneno hayajaisha. Kuna wanaosema alionewa. Kuna wanaosema alikula. Wengi hawajapata nafasi ya kufuata habari yote toka mwanzo, kwa kuwa imechukua zaidi ya miaka thelathini. Hii hapa.

Alizaliwa Kindu tarehe 5 mwezi wa sita 1964, mwaka ule ambao Simba waliingia muji. Alisoma uchumi ku Chuo Kikuu cha Kinshasa, upande wa pesa na uchumi wa inchi za inje. Mwaka 1988 akaingia Banki Kuu, ile iliyoitwa wakati ule Banque du Zaïre. Gavana wa banki alikuwa Pierre Pay-Pay wa Syakassighe, mutoto wa Kivu ya Kaskazini, ambaye naye alikuja kuacha mambo ya banki na kusimama kuwa mugombea urais mwaka 2006. Kumbe njia ya kutoka banki kuelekea siasa ilikuwa imefunguliwa na mutu wa mashariki tayari. Mwaka ule ule wa 1988 Kivu kubwa iligawanywa mara tatu, na Maniema ikawa jimbo yenyewe.

Miaka aliyoingia banki haikuwa miaka mizuri ya kujifunza kazi ile, ao labda ndiyo ilikuwa mizuri kuliko yote. Serikali ya Mobutu ilikosa makuta, ikachapisha noti. Ikakosa tena, ikachapisha tena. Mwaka 1994 bei za vitu zilipanda kwa wastani wa zaidi ya asilimia elfu ishirini na tatu. Wazee wanakumbuka: mushahara wa asubuhi, jioni haununui kitu. Zaire ikafa, zaire mpya ikafa, na mwaka 1998 franka ya Kongo ikazaliwa, franka moja kwa zaire mpya laki moja. Kijana wa banki aliyeyaona hayo kutoka ndani alitoka na imani moja ambayo hakuiacha: serikali isitumie makuta ambayo haina.

Mwaka 2003 akapewa kuongoza BCECO, ofisi ya serikali inayosimamia kazi zinazolipwa na Banki ya Dunia na wafadhili wengine. Barabara, shule, madaraja, vifaa: BCECO inatangaza soko, inachagua kampuni, inalipa. Alikaa pale miaka saba. Raia wa kawaida hawakumujua, lakini wakubwa wa Kinshasa na wazungu wa Washington walimujua kuwa mutu wa makaratasi, anayefika mapema kazini na kuuliza hesabu mpaka ya mwisho.

Franka iliyosimama

Mwezi wa pili 2010 Rais Joseph Kabila akamufanya waziri wa fedha katika serikali ya Adolphe Muzito. Hali ilikuwa hii: mwaka 2009 uliisha na bei zimepanda kwa asilimia zaidi ya hamsini, na franka ilikuwa imeanguka kutoka 640 hivi kwa dola mpaka 900. Deni la inchi kwa watu wa inje lilikuwa mlima. Tarehe 1 mwezi wa saba 2010, Banki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakakubali kuifutia Kongo madeni ya zaidi ya dola miliari kumi na mbili. Kazi ile ilikuwa imeanza miaka mingi mbele yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa kwenye kiti siku mlango ulipofunguka.

Alichofanya kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kila wiki anaangalia makuta yaliyoingia, halafu anaruhusu kutoka kiasi kile tu. Banki Kuu isikopeshe serikali. Basi. Ndivyo mama muuza mchele ku soko anavyofanya pia, na hakuna aliyemupa dola miliari kumi na mbili. Lakini kwa serikali ya Kongo ilikuwa jambo jipya. Franka ikasimama karibu na 920 kwa dola, ikakaa pale toka 2012 mpaka 2015 karibu bila kutikisika. Bei za vitu zikapanda kwa asilimia moja ao mbili tu kwa mwaka. Mutu aliyeanza biashara Kindu mwaka 2013, akileta bidhaa kutoka Bukavu ao Goma, aliweza kukopa kwa franka na kulipa kwa franka bila kuogopa. Watoto wa leo hawawezi kuamini.

Mwezi wa saba 2012 zikatoka noti mpya za franka elfu moja, elfu tano, elfu kumi na elfu ishirini. Mbele ya hapo noti kubwa mkononi mwa watu ilikuwa mia tano. Mushahara wa dola mia moja ulikuwa noti mia moja themanini na kitu za mia tano. Watu walibeba makuta ndani ya mifuko ya plastiki sawa vile wanabeba sombe.

Kitu kingine ambacho kila mwalimu wa Maniema anakumbuka ni mishahara kupita banki. Zamani mushahara ulitoka Kinshasa kwa mabunda, ukapita mikono ya huyu na yule, na kila mukono ukapunguza. Mwalimu wa mwisho alipokea kilichobaki, na majina ya watu wasiokuwepo yalipokea mushahara kamili. Kuanzia 2011 na 2012 serikali ikasema kila mufanyakazi afungue konti, alipwe moja kwa moja. Kwa muji wa Kindu ilikuwa baraka, licha ya foleni. Kwa mwalimu wa Kabambare ao Punia ilikuwa mambo mengine. Banki haiko. Mutu anatoka shuleni, anatembea ao anapanda baiskeli siku kadhaa, anatumia sehemu ya mushahara njiani, na watoto wanabaki bila masomo wiki nzima. Ilibidi kutafuta njia ya pembeni, na mahali pengi Caritas ya Kanisa Katolika ikapewa kupeleka makuta vijijini. Mupango ulikuwa mzuri, ila ulichorwa na mutu aliyekuwa anawaza inchi yenye barabara.

Waziri mkuu wa kravate nyekundu

Tarehe 18 mwezi wa nne 2012 Kabila alimuita Matata kuwa waziri mkuu. Alikuwa na miaka 47. Kravate yake nyekundu ikawa alama. Mpaka leo mutu akisema "kravate nyekundu" kila mutu anajua ni nani. Aliunda serikali ya watu 36, wengi wao wenye kujua kazi kuliko wenye majina ya siasa. Kindu ilifurahi sana. Muji usiokuwa na barabara ya kufika Kinshasa, wenye umeme wa kubahatisha, ulikuwa na mutoto wake ku kiti cha pili cha inchi.

Alikaa miaka mine na nusu. Toka katiba ya 2006 hakuna waziri mkuu aliyekaa zaidi. Uchumi ulikua kwa asilimia nane na nusu mwaka 2013, na zaidi ya tisa mwaka 2014. Mabasi ya Transco yakatembea Kinshasa. Kampuni ya ndege Congo Airways ikazaliwa, ikaanza kuruka mwezi wa kumi 2015, kisha ndege yake moja ilikuwa tayari imeshikwa kule Dublin juu ya deni ambalo wafanyabiashara wa inje walikuwa wanadai serikali ya Kongo. Mwaka ule pia majimbo yakatoka 11 kuwa 26. Maniema haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa imeshagawanywa zamani.

Lakini swali lilibaki, na liliulizwa Kindu kwa sauti zaidi kuliko Kinshasa, kwa kuwa hapa watu walijiona wana haki ya kuuliza. Ikiwa uchumi unakua kwa asilimia tisa, juu ya nini sahani haikui? Jibu liko zaidi kwenye mashimo ya Katanga kuliko kwenye ofisi yake. Ukuaji ule ulitoka kwa shaba na kobalti. Kampuni zilichimba zaidi, hesabu za inchi zikapanda, lakini mukulima wa Kailo mwenye mpunga na mawese hakuwa ndani ya hesabu hiyo. Na serikali isiyotumia makuta ambayo haina, inakuwa pia serikali isiyojenga kitu kikubwa mbali na Kinshasa. Hilo ni upande wa pili wa franka iliyosimama, na wanaomusifu mara nyingi hawausemi.

Shaba ilipoanguka bei mwaka 2015, kila kitu kilionekana. Mwaka 2016 serikali ikapunguza bajeti yake kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Franka ikaanza kushuka, na mwisho wa mwaka dola moja ilikuwa imepita 1200. Wakati ule ule kulikuwa na fujo ya siasa juu ya muda wa Kabila uliokuwa unaisha bila uchaguzi. Baada ya mazungumzo yaliyoongozwa na Edem Kodjo wa Togo, kiti cha waziri mkuu kilitakiwa kwenda kwa upinzani. Matata akajiuzulu mwezi wa kumi na moja 2016, na Samy Badibanga akaitwa.

Bukanga-Lonzo

Sasa tufike kwenye kitu kilichomupeleka kortini. Mwezi wa saba 2014, Kabila na Matata walifungua shamba kubwa la serikali Bukanga-Lonzo, kilometa karibu 220 kutoka Kinshasa upande wa kusini-mashariki. Hekta elfu themanini. Ilikuwa shamba la kwanza, na mengine karibu ishirini yangefuata katika inchi yote. Mahindi, mboga, unga wa bei nafuu kwa Kinshasa, kazi kwa vijana. Kampuni ya Africom ya Afrika ya Kusini, chini ya Christo Grobler, ilichukuliwa kuendesha. Trakta zilifika, mahindi yalipandwa, na mavuno ya kwanza yalionyeshwa ku televizyo.

Mwaka 2017 shamba likasimama. Africom iliondoka ikisema serikali haikuilipa. Mitambo ikabaki kuoza. Na hapa ndipo mambo yakawa mawili, na kila upande una yake.

Mwisho wa 2020, IGF, yaani ofisi ya wakaguzi wakuu wa fedha iliyo chini ya rais, ikatoa ripoti. Ilisema kati ya dola milioni 285 zilizotoka kwenye kasha la serikali, milioni 205 hazikwenda kwenye kazi iliyosemwa. Ilisema bei za vifaa zilipandishwa, na makuta yalipelekwa kwenye konti za kampuni kule Afrika ya Kusini. Ikamtaja Matata kuwa ndiye aliyebeba mupango toka mwanzo.

Matata amekana kila siku. Anasema alipoondoka mwezi wa kumi na moja 2016 shamba lilikuwa linafanya kazi, na lilikufa kwa kuwa waliomufuata waliacha kulipa. Anasema waziri mkuu si mulipaji: malipo yanapita wizara na Banki Kuu. Na anasema kesi ni ya siasa.

Jambo hili la malipo si dogo, tulielewe vizuri. Katika serikali yetu, makuta hayatoki kwa mutu mumoja. Wizara yenye kazi inaomba, wizara ya bajeti inakubali, wizara ya fedha inaamuru, Banki Kuu inatoa. Hiyo ndiyo njia ya kawaida. Kuna pia njia ya haraka, pale mukubwa anaposema lipeni kwanza, makaratasi yatafuata. Kesi kama ya Bukanga-Lonzo inageuka kila mara juu ya swali hili: nani alisema lipeni. Ndiyo maana kando ya Matata kwenye kiti cha washitakiwa kulikuwa na Deogratias Mutombo, aliyekuwa gavana wa Banki Kuu toka 2013 mpaka 2021. Watu wawili wa banki moja, mumoja akiongoza serikali na mwengine akishika kasha.

Miaka mine ya korti

Matata alikuwa amerudi kwenye siasa kupitia Maniema. Mwezi wa tatu 2019 wabunge wa jimbo walimuchagua kuwa senatere. Kwa hiyo, mashitaka yalipokuja mwaka 2021, ilibidi Senati iamue juu ya kinga yake. Mara ya kwanza, kwa Bukanga-Lonzo, Senati ilikataa. Baadaye ikakubali kwa habari nyingine, ile ya makuta yaliyotakiwa kulipa watu walionyanganywa mali zao wakati wa zairianisation. Akawekwa chini ya ulinzi nyumbani kwa muda mufupi.

Halafu ikaja swali la korti gani. Katiba, kifungu cha 164, inasema Korti ya Katiba ndiyo inayohukumu rais wa jamhuri na waziri mkuu. Haisemi wazi juu ya mutu aliyekuwa waziri mkuu na sasa hayuko tena. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2021 Korti hiyo yenyewe ikasema haina uwezo wa kumuhukumu. Wafuasi wake walisherehekea. Mwaka mumoja baadaye, mwezi wa kumi na moja 2022, ikasema uwezo inao. Mawakili wake hawajaacha kuuliza namna gani korti moja, kwa mutu mumoja, katiba ile ile, inatoa majibu mawili. Mutu hahitaji kuwa mufuasi wake kuona kwamba ni swali la haki kuuliza.

Katikati ya hayo aliendelea na siasa. Mwaka 2022 aliacha kivuli cha Kabila kabisa na kuanzisha chama chake, LGD, cha uongozi na utawala bora kwa maendeleo. Akajitangaza mugombea urais wa 2023, kisha mwezi wa kumi na moja akajiondoa na kumuunga mukono Moïse Katumbi. Katumbi alishindwa, Félix Tshisekedi akabaki. Lakini Kindu ilimuchagua Matata kuwa depite wa taifa. Hapo jina lake lilikuwa na mizizi: Chuo Kikuu Mapon, alichokianzisha hapa muji, kinasomesha vijana ambao bila hicho wangepaswa kwenda Kisangani ao Bukavu, ao kubaki nyumbani.

Kesi ilipoanza tena kusikilizwa mwaka 2025, bureau ya Baraza la Wabunge ilisema depite hawezi kufuatwa bila ruhusa yake. Korti ikaendelea. Tarehe 20 mwezi wa tano ikasoma hukumu: Matata, miaka kumi ya kazi za nguvu, kwa kugeuza makuta ya serikali yanayokaribia dola milioni 245. Mutombo miaka mitano. Grobler miaka mitano. Korti ikaongeza kwa Matata miaka mitano ya kutochagua wala kuchaguliwa, baada ya kumaliza kifungo. Wakili wake akasema hukumu si ya haki na imesukumwa na siasa. Upande wa serikali ukasema hakuna aliye juu ya sheria.

Wasikilizaji wengi wanauliza kama anaweza kukata rufaa. Kwa sheria ya Kongo hawezi: kifungu cha 168 cha katiba kinasema maamuzi ya Korti ya Katiba hayana rufaa, na yanalazimisha kila mutu mara moja. Ndiyo maana waliotunga katiba walipoweka waziri mkuu mbele ya korti hiyo, walimupa heshima na pia walimunyima mulango wa pili ambao hata mwizi wa mbuzi wa Kibombo anao.

Franka, kwa upande wake, haikungoja hukumu. Ile ya 920 iliondoka pamoja na mwenyewe mwaka 2016; mwaka 2017 dola ilikuwa imekaribia 1600. Bukanga-Lonzo, serikali zilizofuata zimesema mara nyingi zitaifufua.